Wikipedia: anwani moja ikihama, viungo vya makala nyingi viko hatarini

Anayefungua makala ya mji kama Goma kwenye Wikipedia mara nyingi hukuta namba za latitudo na longitudo. Akizibofya, hupelekwa kwenye ukurasa uitwao GeoHack, ambako huchagua ramani. Anwani ya ukurasa huo haiandikwi upya katika kila makala. Inakaa mahali pamoja, ndani ya kigezo, na makala zote huiazima hapo.

Mwaka 2014 Toolserver, iliyokuwa ikihifadhi GeoHack, ilifungwa na anwani ikahama. Kubadilisha mstari mmoja kwenye kigezo kulitosha kurekebisha makala zote zinazokitumia.

Tatizo ni kwamba kila lugha ina vigezo vyake. Kinachorekebishwa kwenye Kiingereza hakifiki kwenye Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza 2003, mpaka mtu wa kujitolea akinakili. Asipopatikana, kiungo kinabaki kikielekeza kwenye anwani ya zamani, na siku ikizimwa kabisa, msomaji wa Kiswahili ndiye anayekosa ramani.

Kazi hiyo haina mshahara, na hatari yake si ndogo: mabano moja yakisahauliwa ndani ya kigezo, kasoro inatokea kwenye kila makala. Ndiyo maana vigezo vinavyotumika sana hufungwa, wasiweze kuvigusa watu wote, na mabadiliko hujaribiwa kwanza pembeni. Hata yakishahifadhiwa, seva huziweka makala kwenye foleni, na baadhi huendelea kwa muda kuonyesha kiungo cha zamani.