Datsun 160J: mshindi asiyetafutwa na mtu

Anayetafuta gari la zamani ili alijengee nguvu za kisasa hukimbilia majina matatu: Datsun 240Z, Datsun 1600 SSS na Ford Escort. Sifa za magari hayo si za kuokota. Edgar Herrmann alitwaa Safari Rally ya 1970 akiendesha 1600 SSS, akaitwaa tena 1971 kwa 240Z. Hannu Mikkola akaipa Escort ushindi 1972, Shekhar Mehta akairudisha 240Z kileleni 1973, na Björn Waldegård akashinda kwa Escort 1977. Ukijumlisha, magari matatu, ushindi mara tano. Lakini kuanzia 1979 hadi 1982 Mehta, Mike Doughty akiwa mwelekezi wake, alishinda Safari mara nne mfululizo, na mara zote nne alikuwa ndani ya Datsun 160J, gari ambalo kwao Japani liliitwa Violet. Gari hilo moja lilikaribia kufikisha peke yake hesabu ya yale matatu, na bado wanunuzi wa magari ya kale hulipita kama hawajaliona. Ninavyoona mimi, kwa mtu anayetaka mwendo kuliko fahari ya kumiliki, kupuuzwa huko ndiko kunakolifanya liwe chaguo la busara kuliko wenzake mashuhuri.

Sababu za kusahauliwa kwake hazihusiani na uwezo. 240Z ina boneti ndefu na paa lililoinama, na hata mtoto ataiona kuwa gari la mbio. 160J ya milango minne inafanana na gari la mwalimu mkuu wa shule. Jina nalo halikuisaidia: Japani Violet, kwetu 160J, na Marekani kampuni ililipachika jina la 510, jina lililokuwa limejengewa heshima na 1600 SSS ya awali, likauzwa hivyo kati ya 1978 na 1981. Waliokuwa wakiipenda 510 ya kwanza waliiona hii mpya kama mgeni aliyevaa koti la marehemu, na chuki hiyo haijaisha hadi leo. Soko la magari ya kale linafuata picha na majina. Mwaka 2020 Datsun 240Z ya 1971 iliuzwa katika mnada wa mtandaoni Marekani kwa dola 310,000. Hakuna chuma ndani ya gari lile kinachostahili fedha hizo. Kilicholipiwa ni historia, ubikira wa gari lenyewe na ushindani wa wenye mifuko. Mtu anayepanga kung'oa injini, kukata sakafu na kuchomelea vyuma vipya hana sababu ya kulipia ubikira atakaouvunja mwenyewe wiki ya kwanza.

Basi atazame nini? Atazame mifupa. Kwa ujenzi wa aina hii, mifupa mizuri ina maana ya gari jepesi, lenye injini iliyolala kwa urefu na kusukuma magurudumu ya nyuma, nafasi ya kutosha chini ya boneti, na mfumo wa kupeleka nguvu nyuma unaoweza kubadilishwa kipande kimoja bila kugusa kingine. 160J inayo yote. Uzito wake hauko mbali na tani moja, na injini yake ya asili, L16 yenye sentimita za ujazo 1,595, ilikuwa na bloku ya chuma, ndefu kiasi cha kuacha nafasi kubwa inapotolewa. Propela yake ni shafti ya wazi inayozunguka kati ya giaboksi na difu, kwa hiyo ukileta giaboksi nyingine, fundi wa mashine anaikata propela, anaichomelea kwa urefu mpya na kuisawazisha. Linganisha na Peugeot 504, ambayo wengi wangeitaja hapa kwa mapenzi, kwa kuwa ilishinda Safari 1975 na 1978 na ikabeba abiria wa Afrika kwa miongo. Kwenye 504 ya saluni shafti imefungiwa ndani ya bomba gumu linaloshikana na giaboksi upande mmoja na difu upande wa pili. Ni ubunifu mzuri kwa barabara mbovu. Kwa anayetaka kuweka giaboksi ya kampuni nyingine, ni kazi ya kubuni upya nusu ya gari.

Wapenzi wa 1600 SSS watakuwa na pingamizi hapa, na pingamizi lao lina uzito. Gari lao lina sapenshoni huru nyuma, kila gurudumu likipanda na kushuka peke yake, ilhali 160J iliyoshinda kuanzia 1979 ilikuwa na ekseli nzima, gurudumu moja likiguswa na lingine linasikia. Kwenye lami yenye matuta madogo ya mfululizo, ekseli nzima hurukaruka, na hilo halibishaniwi. Ila mikono ya nyuma ya 1600 SSS imeegemea mshazari, na kila gari linapobonyea nyuma kwa kukanyagwa mafuta, magurudumu hubadili pembe yake. Kwa nguvu za kiwandani dereva haoni tabu. Ongeza nguvu maradufu na gari linaanza kujiendesha lenyewe, na viungo vya shafti za pembeni vinadai kubadilishwa. Ekseli ya 160J imekaa juu ya springi za mviringo na kushikiliwa na mikono minne, magurudumu hayabadili pembe gari linapobonyea nyuma, na gereji yoyote yenye mtungi wa kuchomelea inaweza kuiimarisha. Kwa barabara za Narok au Babati ningeichagua hii bila kusita.

Kuna wanaosema ushindi ule ulikuwa wa Mehta, wala si wa gari. Alikuwa dereva bora kuliko wote waliowahi kuijua Safari, na rekodi yake ya ushindi mara tano haijavunjwa. Nyuma yake ilisimama timu ya Nissan yenye mafundi na spea kila kituo. Kweli tupu. Lakini mwaka 1979 aliyekuja wa pili alikuwa Mikkola, dereva mwenye kipaji kisichotiliwa shaka, ndani ya Mercedes-Benz 450 SLC ya silinda nane na lita tano, na kampuni ya Mercedes haikuja Nairobi na pesa za kuazima. Tena gari la Mehta halikuwa lile la dukani. Lilikuwa limeongezewa vyuma, limebadilishwa injini na kuimarishwa kila kona, na hilo kwa mjenzi wa leo ni ushahidi wenye faida kubwa zaidi kuliko kombe: bodi ile ilipokea nguvu na mapigo ambayo haikubuniwa kuyabeba, ikavumilia maelfu ya kilomita za mawe na matope ya Pasaka, mwaka baada ya mwaka.

Swali la injini lina majibu mengi, na hapa ndipo pesa nyingi hupotea kwa tamaa. Mtu anayetaka kubaki ndani ya ukoo wa Nissan atataka SR20DET, injini ya Nissan ya lita mbili yenye turbo, iliyotoka kiwandani na nguvu za farasi kati ya 205 na 250 kutegemea mwaka na gari. Ni chaguo zuri, ila haikuja kwetu kwa wingi, na injini ambayo spea zake zinaagizwa kila mara itakuchosha. Mimi ningeangalia kile kilichojaa sokoni. Toyota Altezza, iliyotengenezwa kuanzia 1998 hadi 2005, imeletwa Afrika Mashariki kwa wingi, na ile ya lita mbili na gia sita za mkono ilikuwa na nguvu 210 bila turbo. Altezza yenyewe ina uzito wa takriban kilo 1,340, ambayo ni kama nguvu 157 kwa kila tani. Iweke injini ile ile kwenye 160J ambayo hata baada ya kuimarishwa imefika kilo 1,100, na unapata kama 190, bila kuifungua injini hata mara moja. Tena inakuja na giaboksi yake ya magurudumu ya nyuma. Kwenye maduka ya spea ya Kirinyaga Road Nairobi na Gerezani Dar es Salaam, anayenunua kwa akili hanunui injini peke yake. Ananunua sehemu nzima ya mbele ya gari lililokatwa, nyaya na kompyuta ya injini vikiwa bado vimeunganishwa, maana waya mmoja uliokosekana unaweza kulaza gari mwezi mzima.

Pingamizi linalosemwa kwa hasira kuliko mengine yote ni la uhalisi: kwamba kuweka injini ya Toyota ndani ya Datsun ni kuharibu urithi. Kwa 240Z safi yenye injini yake ya kwanza, nakubaliana nalo kabisa, na ndiyo maana ninasema usiiguse. 160J nyingi zilizobaki zimeshapoteza injini zao za asili zamani, zimepigwa rangi mara kadhaa na kugongwa nyuma na mbele. Gari la namna hiyo lisipojengwa upya, mwisho wake ni kuuzwa kwa kilo kama chuma chakavu. Akitokea mtu mwenye 160J ambayo haijaguswa tangu ilipotoka kiwandani, ailinde, anunue nyingine ya kukata.

Ila kupuuzwa kuna gharama, na ningekuwa ninampotosha msomaji nikiificha. Kwa Escort, Uingereza kuna kampuni zinazofinyanga bodi mpya kabisa. Kwa 160J hutapata fenda, taa wala raba za milango kwa kuagiza. Utatengenezewa au utahangaika. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika ambalo limezidi miaka minane, kwa hiyo huwezi kuleta bodi nzuri kutoka Japani: lazima uipate nyumbani, na uichague kwa kutu kabla ya jambo lingine lolote. Gari lililoishi Mombasa au Tanga huenda linang'aa juu huku sakafu na vizingiti vya milango vimeliwa na chumvi ya bahari. Lililozeekea Nakuru au Arusha, hata likiwa na sura mbaya, mara nyingi ni gari bora zaidi. Na pesa zilizoingia hazitarudi siku ya kuuza. Asiyeweza kulikubali hilo na atafute uwekezaji mwingine.

Hatari halisi iko kwenye breki. Disiki ndogo za mbele na ngoma za nyuma zilipangwa kusimamisha injini ambayo haikufikia nguvu 100. Magurudumu yake yana boliti nne kwenye duara la milimita 114.3, kipimo ambacho Nissan iliendelea kukitumia kwenye magari mengi ya baadaye, kwa hiyo disiki kubwa zenye matundu ya hewa na kalipa zake zinapatikana bila kubuni upya. Bajeti ikiwa finyu, pesa za kwanza ziende kwenye breki, za pili kwenye kuchomelea na kuimarisha bodi, na injini isubiri hata kama imeshanunuliwa na imekaa pembeni ya gereji imefunikwa turubai. Ikishaingia, namba yake iandikishwe, NTSA kwa Kenya na TRA kwa Tanzania, kabla gari halijaonja barabara.