Ukuta wa Zahanati Nao Hufundisha

Mgonjwa anayesubiri zamu yake husoma kilicho mbele yake, hata kama hajui kusoma: huutazama ukuta. Katika miji inayokua kama Masasi na Newala, ukuta wa kituo cha afya, sawa na ule wa soko au stendi, ni mali ya macho ya watu wote. Yatupasa kujiuliza unawaambia nini.

Kuchora ukutani si jambo geni huku Kusini. Mwaka 1906 mtafiti Mjerumani, Karl Weule, alipita Masasi akapanda hadi Newala, na katika maandishi yake alieleza michoro aliyoikuta kwenye kuta za nyumba za wenyeji. Jirani na Masasi, wilayani Tunduru, ndiko alikozaliwa Edward Saidi Tingatinga mwaka 1932. Jina lake leo ni jina la mtindo mzima wa uchoraji, lakini ni wachache wakumbukao kwamba kabla ya kufariki mwaka 1972 aliwahi kuwa mhudumu msaidizi katika hospitali ya Muhimbili. Sanaa na wodi, basi, si wageni wao kwa wao.

Hata hivyo, picha nzuri yaweza kupotosha. Tuchukue mfano wa kunawa mikono. Juu ya uwanda wa Makonde maji ni ya shida tangu zamani. Akina mama walizoea kuyafuata mabondeni. Mchoro wa bomba linalobubujika humwambia mama wa huko kwamba usafi ni wa watu wengine. Mchoro wa kibuyu chirizi kilichotundikwa kando ya choo, na kipande cha sabuni, humwonyesha jambo awezalo kulifanya jioni ile ile. Kwa hiyo, kabla rangi haijapakwa, mwonyeshe mchoro wa karatasini mama aliyeketi kwenye benchi, umwulize: “Hapa unaona nini?” Akijibu tofauti na ulivyokusudia, usimsahihishe yeye, sahihisha mchoro.

Jambo la pili ni rangi yenyewe. Baadhi ya rangi za mafuta, hasa za njano, nyekundu na machungwa, huwa na madini ya risasi. Rangi ikibanduka, mtoto hushika vumbi lake na kutia vidole mdomoni. Risasi hudhuru ubongo unaokua, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake kijulikanacho kuwa salama. Chagua rangi iliyoandikwa kuwa haina risasi, au isiyozidi sehemu 90 kwa milioni. Ukuta wa zamani usikwanguliwe ukiwa mkavu. Uloweshwe kwanza, na watoto wakae mbali.

Nawe mgonjwa, ukiona picha usiyoielewa, muulize muuguzi. Swali lako ni msaada kwa atakayeketi hapo kesho.