Panya analipwa ndizi, mtoto analipwa fimbo!

KUNA wazee wakisikia mtoto katoroka shule, swali lao huwa moja tu: "Fimbo yangu iko wapi?" Msomaji wangu mpenzi, leo sina nia ya kugombana na wazee, maana radhi zao bado nazihitaji. Ninachotaka ni tuongee kidogo kuhusu panya. Usicheke bwana, ndiyo, panya!

Pale Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kuna shirika linaitwa APOPO. Tangu mwaka 2000 jamaa hawa wanafundisha panya buku, yale mapanya makubwa ya porini, kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini. Mmoja wao, Magawa, alizaliwa hapa hapa Bongo mwaka 2013. Mwaka 2016 akapelekwa Cambodia kikazi, na mwaka 2020 akavishwa medali ya dhahabu na taasisi ya PDSA ya Uingereza, panya wa kwanza kabisa kupata heshima hiyo. Alistaafu 2021 na kufa Januari 2022, akiwa amefichua mabomu na vilipuzi zaidi ya 100. Mnyama mwenyewe ni mwepesi, hivyo bomu halilipuki akilikanyaga. Eneo kama uwanja wa tenisi anamaliza kwa nusu saa, wakati mtu mwenye mashine ya kutafutia chuma anaweza kuhangaika nalo hadi siku 4.

Sasa swali la kijiweni: Magawa alichapwa viboko vingapi mpaka akaelewa somo? Hata kimoja!

SIRI YA NDIZI

Panya akiwa bado mdogo, mwalimu wake anabonyeza kidude kinachotoa sauti, halafu papo hapo anampa kipande cha ndizi au karanga. Sauti, ndizi. Sauti, ndizi. Baada ya muda panya anajua kwamba ile sauti maana yake mshiko unakuja. Hapo ndipo kazi inaanza: sauti haitolewi tena ovyo, inatolewa pale tu anaponusa harufu inayotakiwa.

Kwa nini sauti na isiwe ndizi moja kwa moja? Kwa sababu ndizi inachelewa. Mpaka mwalimu aifikishe, panya keshaanza kujikuna, na atadhani amelipwa kwa kujikuna. Sauti inamwambia sekunde ile ile: "Hilo ulilofanya sasa hivi ndilo lenyewe!"

Huu si uchawi wala si mambo ya panya peke yake. Mmarekani B. F. Skinner, aliyefariki mwaka 1990, alitumia maisha yake kuchunguza jambo hili kwa panya na njiwa. Mwaka 1968 wenzake walianzisha jarida la kisayansi la kutumia elimu hiyo kwa binadamu, mashuleni, mahospitalini na majumbani. Kanuni mama ni nyepesi kama maji ya kunywa: jambo likifuatiwa na faida, linarudiwa. Hiyo faida wataalamu wanaiita kiimarishi.

Na faida zenyewe ziko za aina mbili. Ya kwanza ni kupata kitu kizuri, kama ndizi, sifa au fedha. Ya pili ni kuondokewa na adha. Ukimeza dawa na kichwa kikaacha kuuma, kesho kikiuma utaitafuta tena ile dawa. Shika hiyo ya pili, maana ndiyo iliyonifungua macho kule Mugeta.

KIMBEMBE CHA MUGETA

Mugeta iko wilaya ya Bunda, mkoa wa Mara, pande za kuelekea Serengeti. Ni nchi ya ng'ombe na jembe la kukokotwa. Nilikwenda kumsalimia mjomba wangu wakati mvua zimeanza na kila mtu yuko shambani.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mpwa wangu. Umetukuta na kasheshe, ndugu yako huyu kanishinda."

Ndugu yangu mwenyewe ni mtoto wake wa darasa la nne, tumwite Dogo. Dogo alikuwa mtoro sugu. Anatoka asubuhi na daftari mkononi, lakini shuleni haonwi. Siku akijitokeza anachapwa shuleni kwa ajili ya siku alizokosa. Habari zikifika nyumbani, anachapwa tena. Mjomba alikuwa amechoka mkono, Dogo alikuwa amechoka mgongo, na utoro ulikuwa pale pale.

Jioni nikamvuta pembeni nikamuuliza kwa upole. Jibu lake sijalisahau: "Kaka, nikienda kesho nachapwa. Nisipoenda kesho, nachapwa keshokutwa. Sasa si bora keshokutwa?"

Msomaji, lisome tena jibu hilo taratibu. Fimbo haikuwa inaadhibu utoro. Siku ya utoro ilikuwa raha mustarehe, anacheza, anaogelea bwawani. Fimbo ilikuwa inamsubiri siku anayorudi! Kilichoadhibiwa ni kule kurudi shule. Na kila alipokwepa, adha ya siku hiyo ilimwondoka, yaani alilipwa kwa kukwepa. Wakubwa wote wawili, wa shuleni na wa nyumbani, walikuwa wanafundisha utoro kwa bidii zote bila kujua.

Tena fimbo ina hatari zake. Kanuni za serikali kuhusu viboko shuleni zinasema visizidi 4 na mwenye idhini ni mwalimu mkuu. Hata hivyo, mwaka 2018 mwanafunzi wa shule ya msingi mjini Bukoba alifariki baada ya kupigwa na mwalimu. Kwa hiyo hatuongelei utani hapa.

MAKSAI ANAJUA, BABA HAJUI

Kesho yake nikamwona mjomba akimfundisha maksai mpya. Alikuwa amemfunga nira pamoja na mkongwe anayeijua kazi. Akitembea sawasawa mistari miwili mitatu, mjomba anasimama, anamfungulia apumzike, anampa chumvi ya kulamba.

Nikamuuliza: "Mjomba, mbona huyu humchapi?"

Akanishangaa. "Ukimchapa sana siku za mwanzo ataichukia nira. Akiiona tu anakimbia. Utalima na nani?"

Nikanyamaza. Naye akanyamaza. Halafu akacheka, kicheko cha mtu aliyekanyaga mwiba wake mwenyewe, akasema: "Mpwa wangu, unamzungumzia Dogo wewe."

Usiku ule tukakaa chini. Hatua ya kwanza, mjomba akaenda kumwona mwalimu wa darasa, akaomba mtoto asichapwe siku anayorudi. Mwalimu hakuahidi sana, alisema "tutaona", lakini alijitahidi. Hatua ya pili ilikuwa ngumu zaidi: Dogo alipwe nini?

USIMPE MAJI ALIYETOKA KISIMANI

Hapa ndipo wengi tunachemsha. Tunadhani zawadi ni kitu tunachokipenda sisi. Lakini kiimarishi hakipimwi kwa bei, kinapimwa kwa matokeo. Kama tabia haikuongezeka, ulichotoa hakikuwa kiimarishi, hata kama kilikugharimu laki. Na thamani yake inapanda na kushuka kufuatana na njaa ya mhusika. Soda kwa mtu aliyeshiba ni mzigo tu.

Wahadzabe wa ziwa Eyasi wanalijua hili kuliko maprofesa. Kuna ndege anayewaongoza kwenye mizinga ya nyuki porini, naye anapenda sana kula nta. Watafiti walioandika mwaka 2014 waliona kwamba Wahadzabe mara nyingi hawamwachii ndege masega. Wanayaokota, wanayafukia, wengine wanayachoma. Uchoyo? Hapana! Ndege aliyeshiba hawezi kukuongoza kwenye mzinga wa pili. Hata panya wa Morogoro hafanyi kazi akiwa amejaza tumbo.

Basi tukajiuliza Dogo ana njaa ya nini. Si pipi, si daftari jipya. Kila jioni macho yake yalikuwa kwa maksai. Alitamani kufa kushika kamba na kuwaongoza mbele ya plau kama kaka zake. Mjomba akampa sharti: ukienda shule leo, jioni hii hii unaongoza ng'ombe. Usipoenda, hupigwi wala husemwi, ila ng'ombe utawaangalia kwa mbali.

Wiki ya kwanza alienda siku 3 kati ya 5. Wiki ya nne alienda zote 5. Ila sitaki kukudanganya kwamba mambo yaliisha kama sinema ya Kihindi. Shamba lilipomalizika kulimwa, plau ikapumzishwa, na Dogo akaanza tena kuchechemea. Malipo yalikuwa yameisha! Mjomba akafikiri haraka, akampa ndama wa kutunza jioni kwa sharti lile lile, na mwalimu naye akaanza kumsifu mbele ya wenzake. Sasa anakosa siku moja moja. Kwa aliyekuwa haonekani wiki nzima, hiyo si haba.

"HIYO SI RUSHWA?"

Wazee wa Mugeta waliniuliza hivyo. Nikawajibu: rushwa anapewa mtu ili afanye jambo baya. Anayefanya kazi halali akalipwa baada ya kuifanya, huo tunauita mshahara, na sijaona mzee aliyeukataa wake eti anafanya kazi kwa mapenzi.

Kiasi nacho kina maana. Kati ya 2009 na 2010, huko Kilombero na Ulanga, vijana wa miaka 18 hadi 30 walipimwa magonjwa ya zinaa kila baada ya miezi 4. Aliyekutwa salama alilipwa fedha. Kundi moja lililipwa kama dola 10 kila mara, jingine kama dola 20, na jingine halikulipwa. Aliyekutwa na ugonjwa alitibiwa. Baada ya mwaka, kundi la dola 20 lilikuwa na maambukizi pungufu kwa kama robo ukilinganisha na wasiolipwa. Kundi la dola 10? Hakuna kilichobadilika! Kumbe mshiko kiduchu unaweza usimtoe mtu kwenye raha zake.

DUBWI LINAKUJUA KULIKO MAMA YAKO

Sasa tuje kwetu mjini. Umewahi kujiuliza kwa nini mashine ya dubwi inameza sarafu zako na bado unarudi? Kwa sababu hailipi kila mara, na hujui italipa lini. Skinner aliliona hili kwa njiwa: anayelipwa kila anapodonoa, ukiacha kumlipa anaacha mapema. Anayelipwa kwa kubahatisha, mara donoo la tatu, mara la hamsini, anadonoa bila kuchoka hata malipo yakikatika. Mikeka ya mpira ni vivyo hivyo. Wewe unadhani una zali linakuja, kumbe umefanywa njiwa!

Lakini hiyo hiyo unaweza kuitumia kwa heri. Mtoto akianza jambo jipya, mlipe kila mara. Likishakomaa, punguza, leo sifa, kesho kimya, keshokutwa zawadi. Panya wa APOPO wanaonusa kifua kikuu kwenye sampuli za makohozi hulipwa kwa zile tu ambazo hospitali ilishathibitisha zina ugonjwa. Nyingine wanazinusa bila malipo, na hawagomi.

Na kwenye mapenzi je? Wewe kaka ambaye bibie akinuna ndiyo unakumbuka kununua chipsi kuku, unafundisha nini? Unafundisha kununa! Na wewe dada ambaye hujibu meseji mpaka zifike 10, usilalamike kwamba jamaa ni msumbufu. Umemfundisha kwamba bei ya jibu lako ni meseji 10. Ukiamua kuacha, jiandae: kwanza zitapanda ziwe 20, 30, ndipo zikatike. Mtoto anayelilia andazi dukani naye hupandisha sauti kabla ya kunyamaza. Ukikubali katikati ya kelele, umemfundisha kupiga kelele kubwa zaidi.

KAZI YA WIKI HII

Usiniamini mimi, jaribu mwenyewe. Chagua mtu mmoja nyumbani kwako: mdogo wako, dada wa kazi, hata mwenzi wako. Kwa siku 7, mkamate akifanya jambo zuri badala ya kumvizia akikosea, na umwambie papo hapo ni lipi limekufurahisha. Hesabu mara ngapi limerudiwa. Kama halikuongezeka, usimlaumu. Badilisha malipo, maana pengine unampa soda mtu aliyeshiba.

Na wewe mzee wa fimbo mlangoni, swali langu ni dogo tu, nalo si la dharau: ukimpiga mtoto leo, una hakika unapiga kosa lake, au unapiga kule kurudi kwake? Tafakari. Wiki ijayo panapo majaaliwa tutakutana hapa hapa.