Usimlipe Fundi Yote Kabla ya Masika

Nyumba inayokabidhiwa Dar es Salaam mwezi Juni au Julai huonekana haina ila. Bati ni kavu, rangi bado inanukia, milango inafunga bila kukwaruza sakafu. Mwenye nyumba anazunguka chumba kwa chumba, anaridhika, anamalizia deni la mjenzi na kuhamia. Vuli ya Oktoba hadi Desemba ikinyesha kama kawaida itamwonyesha baadhi ya kasoro. Zilizobaki atazijua kuanzia Machi hadi Mei, masika yatakapomwaga maji kutwa nzima juu ya kila kiungo cha paa. Kufikia hapo fundi ameshalipwa, yuko kwenye kazi nyingine Kibaha au Kigamboni, na gharama yote ya kurekebisha inabaki kwa mwenye nyumba.

Ndiyo maana naanza na tarehe kabla ya bei ya saruji. Katika mkataba wa ujenzi ulioandikwa vizuri huwekwa kipindi cha matazamio, yaani muda baada ya makabidhiano ambao mjenzi anawajibika kurudi kurekebisha kasoro kwa gharama yake. Mara nyingi huwa miezi 6 au 12. Pamoja nacho huwekwa fedha ya kuzuiwa, aghalabu asilimia 5 au 10 ya thamani ya kazi, ambayo nusu hutolewa nyumba ikikabidhiwa na nusu kipindi kikiisha. Kwa mkataba wa shilingi milioni 90 na zuio la asilimia 5, hiyo ni milioni 4.5. Baada ya makabidhiano mkononi mwako inabaki milioni 2.25.

Sasa linganisha. Mkandarasi anakupa bei mbili, moja yenye matazamio ya miezi 12, nyingine ya miezi 6 ikiwa na punguzo la shilingi 500,000. Ukikabidhiwa Januari, miezi 6 inatosha, kwa sababu masika yote yatakuwa yamepita kabla hujaachia fedha. Ukikabidhiwa Juni, miezi hiyo 6 inaisha Desemba, na punguzo umelinunua kwa kuacha masika nje ya mkataba. Kwa Dodoma, Iringa au Mbeya, ambako msimu wa mvua ni mmoja, kati ya Novemba na Aprili, hesabu ni mbaya zaidi: wa Juni anaachia fedha mvua ndiyo kwanza zimeanza. Mimi punguzo hilo nisingelichukua, na kama mjenzi anakataa kabisa miezi 12, ningemwomba tuandike kwamba kipindi kinaisha mwisho wa Mei ya mwaka unaofuata, tuache kuhesabu miezi.

Lakini wengi wetu hatujengi kwa mkataba wa aina hiyo. Tunajenga kwa awamu: msingi mwaka huu, boma mwakani, kupaua fedha ikipatikana, halafu umaliziaji kidogo kidogo. Kila awamu ina fundi wake, analipwa ufundi tu, vifaa unanunua mwenyewe. Njia hii ni nafuu kweli. Tuseme vifaa ni milioni 60 na ufundi wa awamu zote ni milioni 20. Mkandarasi aliyesajiliwa, akiweka usimamizi, faida na, kama amesajiliwa kwa VAT, kodi hiyo ya asilimia 18, anaweza kukuletea bei ya milioni 95 au zaidi kwa nyumba ileile. Tofauti ya milioni 15 si ya kupuuzwa. Unachokinunua kwa fedha hiyo ni mtu mmoja wa kumdai. Paa likivuja katika nyumba ya mafundi wengi, aliyepaua atamlaumu aliyepiga plasta, wa plasta atamlaumu fundi bomba, na wote wana nusu ya haki.

Kwa nyumba isiyo ya ghorofa, ya vyumba vitatu, yenye paa la kawaida la mgongo, ningebaki na mafundi, ila ningetenga fedha ya mhandisi aje mara tatu tu: kabla ya kumwaga zege la lenta, kabla ya bati kufunika kenchi, na siku ya makabidhiano. Hata kila safari ikigharimu 300,000, jumla ni 900,000, sehemu ndogo sana ya ile milioni 15. Kwa ghorofa, au nyumba ya paa la kujificha nitakalolieleza hapa chini, ningekwenda kwa mkandarasi, nikianza kwa kulitafuta jina lake kwenye orodha ya Bodi ya Usajili wa Makandarasi. Wakandarasi wa majengo wamepangwa katika madaraja 7, kwa hiyo angalia na daraja lake linaruhusu kazi ya ukubwa wako.

Fedha ya zuio inawezekana hata kwa fundi wa ufundi tu, mradi isemwe kabla ya kazi kuanza. Kwenye kazi ya kupaua ya milioni 3, kubalianeni 300,000 ibaki hadi mwisho wa Mei. Kumkata fundi fedha ambayo hamkukubaliana ni dhuluma, na ndiyo inayowafanya mafundi wengi wadai malipo yote mapema. Ujira wake unalisha watoto. Mwambie mapema, andikeni, muda ukifika mpe bila kumzungusha.

Tuje kwenye kasoro zenyewe, nianze na ile inayokula fedha nyingi kuliko zote katika nyumba za sasa: paa la kujificha. Ni zile nyumba ambazo ukiwa barabarani unaona ukuta mnyoofu, bati limezama nyuma yake. Zinapendeza, nami sisemi zisijengwe. Ila paa la kawaida lenye ukingo unaotoka nje ya ukuta lina usalama wake wa asili, kwamba mfereji ukijaa, maji yanamwagika nje. Katika paa la kujificha mfereji uko ndani ya ukuta. Majani ya mwembe yakiziba tundu la kutolea maji, maji hayana pa kwenda isipokuwa juu ya dari yako.

Uchaguzi wa matengenezo upo wa namna tatu. Wa kwanza ni silikoni. Fundi anapanda, anaziba viungo, unalipa labda 60,000 na mambo yanatulia kwa muda. Bati linatanuka kwa jua la mchana na kusinyaa usiku, silikoni inachanika, masika yanayofuata unamwita tena. Ukiongeza ubao mmoja au miwili ya jipsam ya kubadilisha dari kila mara, pamoja na skimu na rangi, hiyo 60,000 inakuwa 250,000 kwa mwaka. Wa pili ni kufunika mfereji wote kwa karatasi ya lami inayobandikwa kwa moto, au kwa rangi nzito ya kuzuia maji iliyowekewa wavu, ikipandishwa hadi kwenye ukuta wa pembeni. Mfereji wa mita 12 wenye upana wa mita 1 ukiukunjua ni mita za mraba 12. Kwa 35,000 kila mita ni 420,000. Yaani miaka miwili ya silikoni na jipsam tayari imeipita bei hiyo. Wa tatu ni kuvunja ukuta wa upande wa nyuma, usioonekana barabarani, na kutoa bati nje. Ni ghali, ila kwa nyumba ambayo mfereji wake umejengwa bila mteremko sijaona dawa nyingine inayodumu.

Kabla ya yote hayo, lakini, uliza kama mfereji una bomba la dharura. Ni kipande cha bomba kinachopitishwa ukutani juu kidogo ya tundu la kawaida, ili maji yakipanda yatoke nje. Bomba, tundu na fundi wa nusu siku. Hakuna matengenezo mengine ya nyumba ninayoyajua yanayookoa fedha nyingi kwa gharama ndogo namna hiyo, na inaniuma kuona nyumba za mamilioni zimekabidhiwa bila kitu hicho.

Aliyekabidhiwa kiangazi hana haja ya kungoja mawingu. Chukua mpira wa maji, anza ukingo wa chini wa bati, mwagia taratibu ukipanda, huku mtu mwingine yuko ndani na tochi juu ya dari. Ukianza juu hutajua maji yameingilia wapi. Bafuni ziba tundu la sakafu, jaza maji ya kina cha vidole viwili, acha saa 24, kisha angalia upande wa pili wa ukuta na chumba cha chini. Gharama ni maji tu.

Kasoro ya pili kwa uzito ni unyevu unaopanda kutoka ardhini, ule unaobandua rangi na kuacha unga mweupe wa chumvi ukutani. Chanzo huwa nailoni haikuwekwa vizuri kati ya msingi na ukuta, au mchanga ulikuwa na chumvi, au kiwanja nje kimejazwa kifusi hadi kikaupita usawa wa sakafu. Hili la mwisho angalia kwanza. Kuchimba udongo ukae chini ya usawa wa jamvi ni kazi ya vibarua siku moja.

Kama chanzo kiko ukutani, hesabu inakwenda hivi. Tuchukue chumba chenye kuta mbili za nje, jumla urefu wa mita 8, unyevu umefika mita 1. Njia ya haraka ni kukwangua na kupaka rangi ya kuzuia unyevu: kopo 45,000, skimu 20,000, fundi siku moja 30,000, jumla 95,000. Njia ndefu ni kubandua plasta yote ya eneo hilo na kupiga upya yenye dawa ya kuzuia maji. Mifuko 2 ya saruji kwa 17,000 ni 34,000, mchanga safi wa mto 40,000, dawa 30,000, fundi na msaidizi kwa siku 3, kwa 45,000 kwa siku, ni 135,000, rangi na ufundi wake 100,000. Jumla 339,000. Bei za mtaani kwako zitatofautiana, lakini uwiano haupishani sana: ukikwangua kila mwaka, mwaka wa nne utakuwa umelipa 380,000 na ukuta bado ni ule ule. Sharti la njia ndefu ni subira. Plasta mpya ikae takriban wiki nne kabla ya rangi. Anayepaka baada ya wiki moja anafungia maji ndani, na fedha yake inabanduka pamoja na rangi.

Nyufa zinatisha watu kupita kiasi. Ufa mwembamba kama unywele kwenye plasta huja saruji ikisinyaa, hasa kama plasta haikumwagiliwa siku za mwanzo. Huo subiri mwaka mzima, uuzibe mara moja kabla ya kupaka rangi upya. Kumlipa fundi kila mwezi kuufuata ni kupoteza fedha. Ufa wa mshazari unaoanzia kona ya dirisha au mlango, unaopita kwenye tofali na kuonekana pande zote mbili, ni habari nyingine. Weka alama ya penseli kwenye ncha zake na uandike tarehe. Ukiendelea kukua, au upana ukikaribia milimita 5, mwite mhandisi kabla ya fundi, hasa kwenye udongo mweusi wa mbuga unaovimba mvua zikija na kupasuka kiangazi.

Marumaru zigonge kwa sarafu. Inayolia utupu iandikwe, na boksi moja la ziada litunzwe stoo, kwani rangi ileile hutaipata miaka miwili baadaye. Bomba: funga koki zote, soma mita ya maji, lala, soma tena asubuhi. Umeme usiupeleke kwa fundi wa bei ya chini. EWURA ndiyo inayotoa leseni za mafundi umeme, na kuomba kuona leseni ni haki yako. Milango ya mbao usiirande masika ikiwa imevimba. Ngoja ikauke, la sivyo kiangazi itaachia mwanya.

Aliyenunua fleti ana hesabu tofauti. Chini ya sheria ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu za majengo, paa, ngazi na bomba kuu ni mali ya wote, zinasimamiwa na umoja wa wamiliki. Kwa hiyo usimlipe fundi kuziba paa la pamoja kwa fedha yako halafu ukaomba kurudishiwa. Peleka dai kwa umoja, nao wamdai mwendelezaji wakati matazamio hayajaisha. Kabla ya kununua, uliza umoja umeshaundwa au bado, na una akiba kiasi gani.

Mwezi mmoja kabla ya kipindi kuisha, zungukeni nyumba pamoja na mjenzi. Orodha iandikwe chumba kwa chumba, picha zenye tarehe, nakala mbili, saini mbili, na siku 14 za kumaliza. Akimaliza, mlipe siku hiyohiyo. Asipotokea, chukua bei za maandishi kwa mafundi wawili au watatu, fanyisha kazi kwa ile ya kuridhisha, kata kwenye zuio kama mlivyoandikiana na umkabidhi salio pamoja na risiti. Uharibifu ukizidi kiasi ulichozuia, mkataba na orodha ile yenye saini vitunze vizuri, kwa kuwa Sheria ya Ukomo inakupa miaka 6 ya kufungua madai ya mkataba mahakamani.