Kutembelea Makumbusho ya Sanamu za Nta na Motokaa za Kale

Walio katika vikundi na wasogee karibu na redio, na kila mwenye daftari aliweke tayari, maana mwisho wa somo tutakuwa na kazi ya kuandika.

Leo tutazungumza juu ya nyumba za makumbusho za aina mbili ambazo watu wengi huziingia kwa kujifurahisha tu: zile za sanamu za nta, na zile za motokaa za kale. Mtu hulipa kiingilio, hustaajabu, hucheka, hupigwa picha karibu na sanamu, kisha hurudi kwake. Hapana ubaya. Lakini aliyekwenda na swali moja kichwani atatoka na faida kubwa kuliko aliyekwenda na macho tu. Swali lenyewe ni hili: Kitu hiki ninachokitazama ni chenyewe, au ni mfano wake? Liandikeni.

Tuanze na nta. Wenzetu wa Tabora wanaijua vizuri: ndiyo ibakiayo masega yakishakamuliwa asali. Ikipata moto huyeyuka, ikipoa hushika umbo lolote iliyomiminiwa, na ukiichanganya na rangi huonekana kama ngozi ya mtu. Ndiyo sababu mafundi wa Ulaya waliitumia tangu zamani kutengeneza nyuso za watu.

Nyumba ya sanamu za nta iliyo mashuhuri kupita zote iko London, nayo huitwa Madame Tussauds. Jina hilo ni la mwanamke aliyezaliwa Strasbourg mwaka 1761. Mama yake alikuwa mtumishi wa nyumbani kwa daktari mmoja, Philippe Curtius, aliyekuwa hodari wa kufinyanga nta, na binti akajifunza kazi hiyo kwake. Mwaka 1777 alitengeneza sanamu ya mwandishi Voltaire. Curtius alipokufa mwaka 1794 alimwachia sanamu zake zote. Mwaka 1802 mama huyu alivuka bahari kwenda Uingereza, akazunguka na sanamu zake mji hata mji kwa miaka zaidi ya thelathini, mpaka mwaka 1835 akatua London, katika mtaa wa Baker Street. Alikufa mwaka 1850.

Je, sanamu hutengenezwaje? Kwanza mtu hupimwa, vipimo zaidi ya 200, tangu upana wa paji la uso hata urefu wa vidole. Kisha fundi hufinyanga kichwa kwa udongo. Juu ya udongo hupakwa plasta, nayo ikikauka huwa kalibu, yaani chombo chenye umbo la uso kwa ndani. Nta ya moto humiminwa humo. Kwa kuwa nta hunywea ikipoa, fundi hufanya kichwa cha udongo kiwe kikubwa kidogo kuliko cha mtu mwenyewe. Halafu nywele za binadamu huchomekwa moja moja, kazi ya wiki kama tano. Mnaona kwamba kazi hii yataka subira kama ya msuka mikeka.

Lakini turudi kwenye swali letu. Sanamu hiyo, hata ikifanana na mtu kama pacha, ni mfano tu. Fundi ndiye aliyeamua kama atacheka au atanuna, kama atasimama wima au atainama. Tena mwaka 1925 nyumba ile ya London iliungua moto, na mwaka 1940 ikapigwa bomu wakati wa vita. Sanamu nyingi ziliharibika na nyingine zikatengenezwa upya. Hata habari za Madame Tussaud mwenyewe zataka kupimwa. Katika kitabu cha maisha yake cha mwaka 1838, alieleza kwamba wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa alilazimishwa kuchukua sura za vichwa vya waliokatwa shingo. Wanahistoria wana shaka juu ya baadhi ya masimulizi yake. Kumbukeni kwamba alikuwa mfanyabiashara, na hadithi ya kutisha huvuta wateja.

Msikilizaji mmoja aweza kuuliza: Kama ni hivyo, mfano una faida gani? Ni swali la haki, nami nitalijibu kwa kuwapeleka Marekani, katika mji wa Baltimore. Mwaka 1983 mume na mke, Elmer na Joanne Martin, walianzisha huko makumbusho ya nta ya watu Weusi mashuhuri. Hapo mwanzo walikuwa na sanamu nne tu, wakizichukua huku na huku kuwaonyesha watoto mashuleni na waumini makanisani. Leo nyumba hiyo ina sanamu zaidi ya 100, na ndani yake imejengwa sehemu ya merikebu ya watumwa, pamoja na sanamu za watu waliofungwa minyororo.

Sasa fikirini. Upigaji wa picha ulitangazwa duniani mwaka 1839. Maelfu kwa maelfu ya watu waliovushwa bahari ya Atlantiki kabla ya hapo hawakuacha picha, na wengi hata majina yao hayakuandikwa. Chenyewe hakipo. Hapo ndipo mfano unapofaa: humfanya mtoto asimame mbele ya jambo ambalo katika kitabu ni tarakimu tu. Basi, tusiudharau mfano. Tuutambue tu kuwa ni mfano, kisha tuulize umetengenezwa kwa ushahidi gani.

Sasa twende kwenye motokaa. Mtu atasema, "Hapa hapana shaka, motokaa ni chuma, kilichopo ndicho." Taratibu, bwana. Tarehe 29 Januari 1886, Mjerumani Karl Benz aliomba hati ya kulinda uvumbuzi wake: gari la magurudumu matatu, lenye injini ya silinda moja, na nguvu zisizofika za farasi mmoja. Gari la kwanza lenyewe lilikabidhiwa Deutsches Museum, mjini Munich, mwaka 1906. Lakini baadaye nakala nyingi zimetengenezwa, na makumbusho mengi duniani huonyesha nakala hizo. Basi usiangalie chuma tu. Soma na karatasi ya maelezo iliyo ubavuni mwake.

Tena chuma ni bubu. Ukilitazama gari la Benz halitakuambia kwamba mkewe, Bertha, alitoa sehemu ya mahari aliyopewa na wazazi wake ili kazi ya mumewe isife. Wala halitakuambia kwamba mwezi wa Agosti 1888 mama huyo aliondoka alfajiri na wanawe wawili, bila kumwambia mumewe, akaendesha gari jingine la namna hiyo kutoka Mannheim hadi Pforzheim, mwendo wa kilometa kama 100. Mafuta yalipopungua aliyanunua katika duka la dawa, maana vituo vya petroli havikuwapo. Bomba la mafuta lilipoziba alilizibua kwa pini ya kofia. Habari hizi tunazo kwa sababu zilisimuliwa na kuandikwa. Kama zingesahauliwa, tungelitazama gari na kumtaja mume peke yake.

Hatuna haja ya kwenda Ulaya ili kujaribu swali letu. Katika Makumbusho ya Taifa mjini Dar es Salaam, nyumba iliyofunguliwa mwaka 1940, mna motokaa za kale. Mojawapo ni Rolls-Royce iliyotumiwa kwanza na serikali ya kikoloni ya Waingereza, na baadaye na Mwalimu Julius Nyerere. Hiyo ni yenyewe, si mfano. Kiti ni kilekile na mlango ni uleule, lakini aliyeketi ndani amebadilika, na bendera ya nchi pia. Mzee mmoja akiitazama aweza kusema, "Hapa naona uhuru wetu." Mwingine aweza kusema, "Mbona gari halikubadilika?" Motokaa haitawaamulia. Kazi ya kufikiri ni yenu. Kwa hiyo mkienda huko, nendeni na mzee aliyeyaona mambo hayo kwa macho yake, maana maneno yake hayamo katika kabati la vioo.

Ndugu wasikilizaji, sasa kazi yetu. Katika nyumba zetu mna vitu vya kale: baiskeli ya babu, cherehani ya mama, taa ya kandili, kadi ya chama. Leo kila mtu nyumbani anajua habari zake. Yule mzee akifariki, baiskeli itakuwa chuma kizee, nayo itauzwa kwa kilo. Wengi wenu mmejifunza kuandika katika madarasa haya. Basi chukueni karatasi, mwandike mambo manne: kitu hiki kilikuwa cha nani, kilipatikana mwaka gani, kilifanya kazi gani, na nani aliyenieleza habari hizi. Lile la nne msiliache, kwa kuwa ndilo litakalomwezesha mjukuu wenu kupima ukweli. Ifungeni karatasi hiyo pamoja na kitu chenyewe.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi:

1. Sanamu ya nta na motokaa ya kale zatofautianaje kama ushahidi?
2. Ni wakati gani mfano hufaa kuliko kukosa kitu kabisa?
3. Katika kijiji chenu, ni kitu gani kinachostahili kuhifadhiwa, na nani bado anajua habari zake?

Swali la tatu lisingoje juma lijalo. Mwendeeni mzee huyo leo. Kwaherini.