Maji ya Chumvi na Mvumo wa Nyuki: Yoga kwa Sinuziti Yetu ya Bukavu



Kiangazi kikianza, kuanzia mwezi wa sita, barabara zetu zinageuka vumbi. Ukipanda moto kutoka Ibanda kwenda Panzi, unashuka ukiwa na nyusi nyekundu. Jioni unakuta uani mbabula tatu zimewashwa kwa mara moja, makala hayajashika vizuri, moshi unaingia mpaka chumba cha kulala. Ndiyo maana majira hayo, ambayo kwa bahati mbaya ni majira ya mitihani pia, unasikia wimbo mmoja kwa kila mwanafunzi: "Kichwa inaniuma, ni ile sinuziti yangu." Jibu nalo liko tayari: "Pita farmasi, chukua amoksi." Vidonge kumi, bila karatasi ya munganga, bila hata swali moja. Wiki tatu baadaye mtu yule yule anarudi kununua vingine.

Mimi nina pua ya namna hiyo tangu mwaka wa kwanza wa chuo. Ni miaka kadhaa sasa natumia mazoezi mawili yaliyotoka kwenye yoga, na wengi wenu mmenitumia ujumbe mkiuliza ni nini hasa ninachofanya na ile sirenji. Leo naeleza. Sitaeleza yoga yote, maana sehemu kubwa haihusiani na pua, na kuna mikao mingine inayozidisha maumivu. Nitasema ni ipi inayosaidia, kwa nini, na wapi inaweza kukuletea hatari.

Tuanze na mwili. Ndani ya mifupa ya uso kuna vyumba vyenye hewa tu, jozi nne: kwenye mashavu, kwenye paji la uso, kati ya macho, na nyuma kabisa, ndani ya fuvu. Ukuta wa kila chumba umefunikwa na utando unaotoa ute, na juu ya utando kuna vinyweleo vidogo sana vinavyopiga kama makasia, vikisukuma ute kuelekea mlango unaoingia puani. Sasa angalia jambo hili: mlango wa chumba cha shavu uko juu, karibu na dari. Ukisimama, ute hauteremki wenyewe. Lazima vinyweleo viupandishe, kama mama anayepandisha bidoni ya maji kutoka bondeni hadi Kadutu. Moshi wa makala unavichosha vinyweleo hivyo. Vumbi linavilemea. Ukipata mafua, utando unavimba na mlango, ambao hata siku ya kawaida ni mwembamba, unaziba. Ute unabaki ndani, unakuwa mzito, uso unauma, hasa ukiinama kufunga kamba za viatu.

Mara nyingi sana chanzo cha haya yote ni virusi vya mafua, na antibiotiki haigusi virusi. Ni sehemu ndogo tu ya watu wanaofikia hatua ya bakteria. Kwa hiyo vidonge kumi vya amoksi mara nyingi ni pesa iliyotupwa, na kila mara tunapovimeza ovyo tunawafundisha bakteria wa mji huu kuvizoea. Siku utakapovihitaji kweli, kwa nimonia kwa mfano, vitakuwa vimechoka.

Haya, yoga. Kitabu kinachoitwa Hatha Yoga Pradipika, alichokiandika Svatmarama huko India katika karne ya 15, kinataja njia sita za kusafisha mwili kabla ya mazoezi ya pumzi. Moja inaitwa neti. Katika kitabu hicho neti ni uzi unaopitishwa puani na kutolewa kwa mdomo. Tafadhali, usijaribu. Neti inayotumika zaidi leo ni ya maji, jala neti: maji ya vuguvugu yenye chumvi yanaingia tundu moja la pua na kutokea lingine. Jambo hili si geni sana kwetu. Jirani zetu Waislamu wanapandisha maji puani kila wanapotia udhu. Tofauti ni chumvi na kiasi cha maji.

Je, linasaidia kweli? Mwaka 2002 waganga wa Wisconsin, Marekani, walichapisha jaribio la watu 76 wenye sinuziti ya mara kwa mara. Waliosafisha pua kila siku kwa maji ya chumvi muda wa miezi sita walipata nafuu na walitumia antibiotiki kidogo kuliko wenzao. Mwaka 2016 likaja jaribio kubwa zaidi kutoka Uingereza, watu 871, lililolinganisha kuosha pua na kuvuta mvuke. Kuosha pua kulisaidia, ingawa kiasi tu, si muujiza. Mvuke haukuonyesha faida kwa dalili za sinuziti. Najua hapa nawagusa wazee wa nyumbani na sufuria yao ya majani ya mkaratusi chini ya blanketi. Mimi mwenyewe napenda kujifukiza, mwili unalegea na usingizi unakuja. Lakini kama una nguvu ya jambo moja tu jioni, osha pua. Na kama kuna watoto nyumbani, ile sufuria ya maji ya moto iache kabisa, imeunguza wengi.

Namna ya kufanya. Chemsha maji. Narudia: chemsha, yabubujike dakika kadhaa, kisha yaache yapoe yenyewe kwenye chombo safi chenye kifuniko. Maji ya bomba hayafai kabla ya kuchemshwa, ya ziwa vile vile, na hata yale ya mvua ambayo tunayaona masafi. Tumbo lina asidi ya kuua wadudu wengi; pua haina ulinzi huo. Mwaka 2011 katika jimbo la Louisiana, Marekani, watu wawili walikufa baada ya kuosha pua kwa maji ya bomba yaliyokuwa na amiba inayoitwa Naegleria fowleri. Ukiyanywa maji yenye amiba hiyo hupati ugonjwa huo, lakini ikipandia puani inafika kwenye ubongo. Ni ugonjwa wa nadra sana, lakini anayeugua karibu kila mara anakufa. Hapo hakuna mjadala. Kama huna makala ya kuchemshia siku hiyo, acha zoezi siku hiyo.

Katika nusu lita ya maji hayo, weka kijiko kidogo cha chai cha chumvi laini, kisijae hadi juu, kipungue kidogo. Hiyo inakaribia chumvi ya mwili, ndiyo maana haiungui. Maji matupu yanachoma, na chumvi nyingi mno inachoma pia. Ukiongeza bikaboneti kidogo, ile ya mandazi, inapunguza ukali. Chungu cha neti kinachoonekana kwenye picha hakihitajiki. Mimi natumia sirenji kubwa ya mililita 20, bila sindano. Birika dogo la chai lenye mdomo mwembamba linafaa pia.

Inama juu ya beseni, geuza kichwa upande, pumua kwa mdomo uliofunguka. Ingiza maji polepole kwenye tundu la juu. Yatatokea la chini. Usimeze, usivute, usisukume kwa nguvu. Ukisema "aaa" kwa sauti ndogo, koo linajifunga na maji hayateremki. Halafu geuza upande mwingine. Ukimaliza, penga taratibu matundu yote mawili yakiwa wazi, maana ukibana moja na kupenga kwa nguvu unayasukuma maji kwenye sikio. Usilale mara moja. Yatakaa dakika kumi yakidondoka, na ni bora yadondoke kwenye kitambaa kuliko kwenye mto. Chombo kioshe kwa maji yale yale yaliyochemshwa na ukianike kikauke. Na msiazimane, hata kama mnaishi watano chumba kimoja.

Zoezi la pili halina gharama hata ya franka moja. Linaitwa bhramari, maana yake pumzi ya nyuki. Unakaa wima, unavuta hewa kwa pua, unafunga midomo bila kubana meno, halafu unatoa hewa kwa pua ukivuma "mmm" mpaka pumzi iishe. Wanakorali wanalijua: ndiyo ile sauti ya chini mnayoishika huku solo akiimba. Mara tano hadi kumi, unapumzika, unarudia.

Hapa kuna habari inayonifurahisha kila ninapoieleza. Vyumba vile vya uso vinatengeneza gesi inayoitwa nitriki oksaidi, ambayo inasaidia kupambana na vijidudu na kuwapa nguvu wale wapiga makasia wetu. Mwaka 2002 watafiti wawili wa Taasisi ya Karolinska huko Sweden, Weitzberg na Lundberg, walipima gesi hiyo puani mwa watu. Waliokuwa wakivuma walitoa kiasi cha mara 15 kuliko waliotoa pumzi kimya. Mtetemo wa sauti unatikisa hewa mlangoni, hewa ya chumbani inatoka na hewa mpya inaingia.

Lakini ngoja. Utafiti uliofuata uliona kwamba kwa watu ambao milango imeziba kabisa, ongezeko hilo halipatikani. Mvumo unapitisha hewa kwenye mlango ulio wazi, haufungui uliofungwa. Ndiyo maana utaratibu wangu ni huo: maji kwanza, ute utoke na uvimbe upungue kidogo, ndipo nivume. Anayekuambia kwamba kuvuma peke yake kumemponya sinuziti ya miaka kumi, msikilize kwa heshima tu. Kupima gesi puani ni jambo moja, kuponya ugonjwa ni jingine, na hilo la pili halijathibitishwa bado.

Mengine niyapitie haraka. Kupumua kwa tundu moja moja, nadi shodhana, kunatuliza moyo kabla ya mtihani, lakini pua ikiwa imeziba ni mateso bure. Kapalabhati, ile pumzi ya kusukuma kwa tumbo haraka haraka, inasaidia kutoa maji yaliyobaki. Ila isifanywe na mama mjamzito, mwenye tansio ya juu, au mtu anayetoka damu puani. Mikao ya kuinamisha kichwa au kusimama kwa mabega, iache wakati uso unauma: damu inashuka kichwani, utando unazidi kuvimba. Usiku, kama tundu la kulia limeziba, lalia ubavu wa kushoto. Tundu la juu hufunguka lenyewe baada ya dakika chache, na hilo hata asiyejua yoga amelijua kwa bahati.

Kuna swali ninalopata kila mara, hasa kutoka kwa wenzangu wa kanisa: "Yoga? Ile si mambo ya mapepo?" Yoga imezaliwa ndani ya dini za India, sitaficha hilo, na kuna wanaoifanya kama ibada. Mimi nachukua maji, chumvi na pumzi. Chumvi haina dini. Kama jina linakusumbua, sema "naosha pua" na uendelee.

Kuna jambo lingine zito zaidi. Si kila maumivu ya paji ni sinuziti. Mwaka 2004 huko Marekani walichunguza watu 2,991 waliojiita, au walioitwa na waganga, wenye kichwa cha sinuziti. Asilimia 88 walikuwa na dalili za migreni. Kama kichwa chako kinapiga upande mmoja, mwanga unakuudhi, tumbo linachafuka, na pua haina ute mzito wala harufu, huenda maji ya chumvi hayatakusaidia, na amoksi haitakusaidia vile vile. Migreni ina dawa zake. Kama ni shavu moja tu linalouma na ute wa upande huo unanuka, mwone daktari wa meno: jino bovu la juu linaweza kupeleka usaha kwenye chumba cha shavu.

Na kuna siku za kuacha beseni na kwenda hospitali bila kungoja kesho: jicho likivimba au ukiona vitu viwiliviwili, homa kali isiyoshuka, shingo kukakamaa, kuchanganyikiwa. Kama dalili za kawaida zinapita siku kumi bila kupungua, au zilipungua kisha zikarudi kwa ukali, hapo ndipo daktari anaweza kuamua kwamba antibiotiki inahitajika, na akikuandikia, maliza dozi.

Kwa waliobaki, jaribuni wiki tatu: maji mara moja kwa siku, jioni mkirudi kutoka kwenye vumbi, kisha mvumo dakika tano. Andikeni kwenye daftari siku ambazo uso uliuma. Na mbabula iwashieni nje, iingie ndani kama ni lazima makala yakiwa mekundu tayari, dirisha likiwa wazi, na itoke kabla ya kulala, maana makala mekundu yasiyo na moshi bado yanatoa gesi inayoua watu usingizini.