Uchezaji wa meza nyingi (poka)

Uchezaji wa meza nyingi ni mtindo wa kucheza poka ya mtandaoni ambapo mtu mmoja hukaa kwenye meza mbili au zaidi kwa wakati mmoja, kila meza ikiwa na wapinzani wake, karata zake na fedha zake. Katika ukumbi wa kawaida wa kasino jambo hilo haliwezekani, kwa sababu mtu ana kiti kimoja tu. Kwenye kompyuta ni suala la kufungua madirisha mengi zaidi. Makala hii inaeleza mtindo huo hasa kwa upande wa yule anayekaa kwenye meza moja na kukutana na mpinzani wa aina hiyo.

Asili

Poka ya mtandaoni ya fedha halisi ilianza tarehe 1 Januari 1998 kupitia tovuti ya Planet Poker. Ilipata umaarufu mkubwa mwaka 2003, pale Chris Moneymaker, mhasibu kutoka Tennessee, Marekani, aliposhinda shindano kuu la World Series of Poker na kupata dola milioni 2.5. Nafasi yake katika shindano hilo aliipata kwa kushinda mashindano madogo ya mtandaoni kwenye PokerStars. Mamilioni ya watu walijiunga baada yake, na miongoni mwao walikuwemo waliogundua kwamba poka inaweza kuendeshwa kama kazi ya kiwandani: faida ndogo kwa kila kipande, vipande vingi kwa saa.

Mfano uliovuma zaidi ni wa Randy Lew, Mmarekani aliyejulikana mtandaoni kwa jina la nanonoko. Mwezi Januari 2012, huko Bahamas, alicheza migao 23,493 ndani ya saa 8 na kuingia katika kitabu cha rekodi cha Guinness. Sharti lilikuwa kwamba amalize akiwa na faida. Alimaliza na dola 7.65. Ukigawanya muda huo kwa idadi ya migao, unapata sekunde 1.2 hivi kwa kila mgao.

Hesabu ya anayecheza meza nyingi

Meza moja ya watu sita mtandaoni hutoa takriban migao 70 kwa saa. Mwenye meza 12 hupata basi migao 840 kwa saa, yaani sekunde nne na kitu kwa kila mgao. Hawezi kuwatazama wapinzani wote, wala kukumbuka nani alidanganya kwa dau kubwa dakika kumi zilizopita. Kwa hiyo faida yake kwa kila mgao hushuka. Linalomfidia ni wingi.

Tuchukue meza ambayo dau kubwa la lazima ni shilingi 200. Mchezaji hodari aliyetulia kwenye meza moja anaweza kupata, tuseme, madau makubwa 6 kwa kila migao 100. Kwa migao 70 hiyo ni shilingi 840 kwa saa. Mtu huyohuyo akifungua meza 12 na faida yake ikashuka hadi madau 2 kwa migao 100, bado anaingiza shilingi 3,360 kwa saa. Amecheza vibaya zaidi na kupata mara nne. Hapo ndipo mtindo wote unapoeleweka: mpinzani wa meza nyingi ameuza umakini wake kwa makusudi, na bei aliyopata ni nzuri.

Kwa miaka mingi waendeshaji wa tovuti walimwongezea sababu nyingine. Tovuti hukata sehemu ndogo ya fedha zinazochezwa mezani, na makato hayo ndiyo mapato yake. Anayecheza sana hukatwa sana, kwa hiyo alirudishiwa sehemu ya makato kama zawadi. Wapo waliopoteza kidogo mezani na kuishi kwa marejesho hayo.

Si sawa na bingwa wa sataranji

Watu hulinganisha mtindo huu na maonyesho ya sataranji, ambapo bingwa mmoja huwakabili wapinzani wengi. Mwaka 1947 Miguel Najdorf alicheza michezo 45 kwa pamoja huko São Paulo bila kuona ubao hata mmoja. Lakini katika sataranji ubao humngoja bingwa. Anazunguka, anasimama, anafikiri, anasogeza, anaendelea. Meza za poka hazingoji: zote zinaweza kumtaka uamuzi katika sekunde ileile, na muda ukiisha karata zake hutupwa zenyewe.

Tofauti ya pili ni kubwa zaidi. Katika sataranji, kama ilivyo kwa bao, kila kitu kiko wazi. Anayecheza bao huona mashimo 32 na kete zote za mpinzani, akishindwa ni kwa hesabu. Katika poka karata za mpinzani zimefichwa, na njia ya kuzikisia ni kumfuatilia mtu mwenyewe: anapandisha dau lini, anakata tamaa lini. Kazi hiyo ya kufuatilia ndiyo anayocheza meza nyingi ameiacha, au ameikabidhi kwa programu.

Programu za takwimu

Programu kama PokerTracker na Hold'em Manager huhifadhi kila mgao na kuonyesha tarakimu pembeni mwa jina la kila mpinzani: ni asilimia ngapi ya migao anaingia mchezoni, mara ngapi anapandisha dau, mara ngapi anatupa karata akishambuliwa. Anayecheza meza nyingi hutazama tarakimu badala ya mtu.

Tarakimu hizo ni nguvu na pia ni udhaifu. Zikitokana na maelfu ya migao husema kweli. Zikitokana na migao 30 hazisemi karibu chochote, kwani mtu aliyepata ree na mfalme mara kadhaa mfululizo ataonekana mkali kumbe ni bahati tu. Isitoshe, wastani hubadilika polepole. Aliyekusanya migao 2,000 ya uchezaji wa tahadhari anaweza kubadili mwenendo leo, na tarakimu zikaendelea kumtambulisha kama mwoga kwa muda mrefu. Baadhi ya tovuti zilichukua hatua dhidi ya programu hizi. Bodog, kwa mfano, ilianzisha mwaka 2011 meza ambazo majina ya wachezaji hayaonekani, hivyo hakuna wa kumwekea kumbukumbu.

Namna ya kumtambua

Njia rahisi ni kutafuta jina lake katika orodha ya meza, pale tovuti inaporuhusu. Pasipo hiyo, ziko dalili. Fedha zake mezani hujazwa zenyewe kila zinapopungua. Madau yake huwa ya kiwango kilekile, kwa kuwa ameyapanga mapema. Hazungumzi. Karata mbovu huzitupa papo hapo, lakini mgao wenye utata humchelewesha hadi karibu na mwisho wa muda, kwani wakati huo yuko kwenye dirisha jingine.

Dalili ya kuchelewa peke yake haitoshi. Kwa mchezaji aliye mbali na miji mikubwa, tuseme Mishamo katika Mkoa wa Katavi, makazi yaliyoanzishwa mwaka 1978 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Burundi, chombo cha kuchezea kinaweza kuwa simu ya mkononi na intaneti ni ya kifurushi. Mtandao ukiyumba, naye ataonekana mzito wa kuamua ingawa ana meza moja tu mbele yake. Mfano huo unaonyesha pia jinsi pande mbili zisivyolingana. Upande mmoja una skrini mbili na programu ya takwimu, upande wa pili una kioo cha simu na hofu ya kifurushi kuisha katikati ya mgao.

Namna ya kumkabili

Kwa kuwa hana muda wa maamuzi magumu, anayecheza meza nyingi huyakwepa tangu mwanzo: hucheza karata nzuri na kutupa zilizobaki. Ndiyo maana madau yake ya lazima hushambuliwa kwa urahisi. Tuseme dau dogo ni shilingi 100 na kubwa ni 200, hivyo mezani zipo 300. Aliye katika nafasi ya mgawaji anapandisha hadi 500. Anahatarisha 500 kwa ajili ya 300, kwa hiyo lazima wapinzani wote wawili watupe karata angalau mara 62.5 katika kila 100. Mwenye dau dogo akitupa asilimia 85 na mwenye dau kubwa asilimia 75, wote wawili kwa pamoja watatupa karibu asilimia 64. Faida ni wastani wa shilingi 10 kwa jaribio, hata kwa karata zisizo na thamani yoyote. Lakini mwenye dau kubwa akiwa ni mtu wa meza nyingi anayetupa asilimia 85, wastani hupanda hadi shilingi 78. Tofauti hiyo yote imetokana na mtu mmoja asiyetaka usumbufu.

Upande wa pili wa sarafu hiyo hujulikana baada ya kupigwa. Mtu huyo akijibu kwa kupandisha dau, hasa kwenye karata ya mwisho, mara nyingi ana kitu kizito. Hana sababu ya kubuni udanganyifu mgumu kwenye meza moja kati ya 12. Wachezaji wengi wa meza moja hupoteza hapa: wana jozi nzuri, wanamwona kama mtu anayewaonea, wanafuata dau ili wasidharauliwe. Yeye hana habari na dharau hiyo. Huenda hata hajawatambua.

Ushauri ambao wachezaji wazoefu huuweka mbele ya mbinu zote ni wa kuchagua meza. Meza yenye watano wa namna hii haina faida ya maana kwa yeyote isipokuwa mwenye tovuti, maana kila mmoja anangoja karata nzuri huku makato yakiendelea. Mmoja au wawili hawana shida. Kiti kizuri ni kile ambacho mtu wa meza nyingi yuko kushoto, kwa kuwa huko atatupa karata baada ya wewe kupandisha, na mchezaji anayeingia kila mgao yuko kulia, ambako utaona anachofanya kabla ya zamu yako.

Kosa la kawaida ni kumwiga. Aliyeanza kupata faida meza moja hufungua ya pili, ya tatu, ya sita, akidhani mapato yatazidishwa kwa sita. Kama faida yake ilitokana na kuwatazama watu, ataipoteza yote na kuzidisha makato tu.

Vikomo na sheria

Tovuti zenyewe zimebadilika. Full Tilt ilileta mwaka 2010 mchezo wa kasi ambapo anayetupa karata huhamishiwa papo hapo kwenye meza mpya, na PokerStars ikafuata mwaka 2012, hivyo mtu hupata migao mingi bila kufungua madirisha mengi. Mwaka 2019 PokerStars, iliyokuwa ikiruhusu meza 24, ilishusha kikomo cha meza za fedha taslimu hadi 4. Programu zinazocheza zenyewe badala ya mtu hukatazwa na tovuti kubwa zote, na jina linaloonekana kwenye meza nyingi kwa saa 20 bila kupumzika ni jambo la kuripotiwa.

Tanzania Bara, michezo ya kubahatisha husimamiwa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha Tanzania, iliyoundwa kwa Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003. Mwenye umri chini ya miaka 18 haruhusiwi kushiriki. Leseni ya mwendeshaji ina uzito kuliko inavyodhaniwa. Tarehe 15 Aprili 2011 serikali ya Marekani ilizifunga tovuti kadhaa kubwa kwa wachezaji wa nchi hiyo, na ikabainika kwamba Full Tilt haikuwa na fedha za kutosha kuwalipa wateja salio lao. Walioanza kulipwa walilipwa baada ya PokerStars kuinunua kampuni hiyo mwaka 2012, na mwenye meza moja alisubiri sawa na mwenye meza ishirini.